Nani Anausoma Mkataba wa Kijana?

Muheza ni mji uliojengwa na watu waliotoka kwingine. Reli iliyoanzia Tanga mwaka 1893 ilifika hapa mwaka 1896, na mashamba ya mkonge yakaenea kuizunguka. Wabondei, wenye nchi, hawakutosha kwa kazi ile na wengi wao hawakuitaka. Kwa hiyo watu walichukuliwa Kigoma, Urundi, Songea na Umakonde, wakaletwa kwa mkataba, wakaitwa manamba. Wajukuu wao leo ni walimu, ni wauguzi, ni madereva wa bodaboda, ni wauza machungwa kwenye barabara ya Segera.

Natangulia na hayo kwa sababu mjadala huu unahusu kijana anayetaka kuondoka, na mijadala ya namna hiyo huendeshwa kana kwamba kuondoka ni ugonjwa mpya ulioletwa na simu. Muheza haina haki ya kusema hivyo. Muheza ni zao la kuondoka.

Sauti tano zinazozungumza hapa nimezitunga. Hoja zao sikuzitunga. Ndizo zinazosikika barazani kila mtoto wa mtu anapotaja ng'ambo. Wanamichezo wanaotajwa na mambo yao ni ya kweli. Kijana ana miaka 17, yuko kidato cha nne. Mama yake ni muuguzi. Babu, mzaa mama, ni mtoto wa manamba aliyetoka Kasulu. Mwalimu anafundisha michezo shuleni. Mama mdogo anaishi Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, anahudumia wazee kwenye nyumba ya matunzo, na anashiriki kwa simu iliyowekwa spika juu ya mkeka.

KIJANA: Shikamooni. Mie ndiye niliyeomba tukae, kwa sababu nikimwambia mama peke yake ananikatiza kabla sijafika mwisho. Nataka kucheza raga kwa mshahara. Si raga ya watu 15. Nasema ile ya watu 13, wanayocheza kwa mama mdogo na wanayocheza Australia. Kwenye mpira wa miguu kila kocha ananiambia mzito wa kugeuka. Lakini nikishanyoosha mbio hakuna anayenikamata, na akinikamata haniangushi. Mama mdogo kanitumia mechi, nimeona watu wenye umbo langu wanaishi kwa umbo hilo.

MAMA: Umeona mechi. Hukuona wodi.

MWALIMU: Tumsikilize kwanza, mama. Umbo alilonalo si la kawaida hapa, na mchezo anaoutaja ni kazi kweli. Timu inapewa nafasi sita za kukabwa, ya sita ikiisha bila kufunga mpira unakwenda kwa wenzao. Dakika 80. Australia wana ligi yao kubwa, Uingereza wana Super League tangu 1996. Papua New Guinea ndio mchezo wa taifa. Tatizo langu si mchezo. Tatizo ni kwamba kijana hajawahi kuucheza hapa Muheza hata siku moja na timu kamili.

MAMA MDOGO: Mwalimu, ngoja niwaambie mchezo huu ulivyozaliwa, maana ulizaliwa mji huu ninaokaa. Mbele ya stesheni ya treni kuna jengo la hoteli ya zamani, George Hotel. Tarehe 29 Agosti 1895 viongozi wa klabu zaidi ya 20 walikutana mle. Wachezaji wao walikuwa wachimba makaa na watu wa viwanda vya nguo. Jumamosi walikuwa kazini. Wakienda kucheza, mshahara wa siku ile unakatwa. Wakubwa wa raga kule London wakasema mchezo ni wa heshima, mtu asilipwe hata fidia. Wakubwa wale walikuwa na mali zao, wao fidia ya nini? Klabu za kaskazini zikajitoa, zikakubaliana mchezaji afidiwe shilingi sita kwa siku aliyoikosa kazini. Ndipo raga zikawa mbili.

BABU: Shilingi sita za kazi waliyoikosa?

MAMA MDOGO: Ndiyo, baba. Ugomvi wote ulikuwa juu ya ujira wa siku.

BABU: Basi mchezo huo naufahamu kuliko mnavyodhani.

Nasimama hapa kidogo. Watu wengi wanaosema michezo ni kipaji na baraka hawapendi kuutazama upande huu, lakini ndio wenye uzito. Raga ya ligi, ndiyo hii ya watu 13, tofauti na michezo mingi tunayoishabikia, haikuona haya kusema tangu mwanzo kwamba anayecheza anafanya kazi na kazi ina malipo. Anayeuliza kama kijana aende kucheza ng'ambo anauliza kama aende kufanya kazi ya mkataba kwenye nchi ya watu. Hilo Muheza inalijua kwa zaidi ya miaka mia moja.

BABU: Baba yangu aliletwa enzi za ile ofisi ya wenye mashamba, SILABU, iliyoanza mwaka 1944. Waliitembea magharibi yote kutafuta vijana wenye mabega kama ya huyu mjukuu wangu. Walimpima kifua. Walimpa blanketi. Akatia dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, akapanda treni. Hapa akapewa kipande cha siku 30. Sasa sikilizeni vizuri: siku 30 si mwezi. Ni siku 30 za kazi iliyokamilika. Unapimiwa kazi yako ya mkonge asubuhi, usipoimaliza siku ile haiandikwi. Ukiugua, haiandikwi. Kipande kisipojaa, mshahara haujatimia. Alidhani amekuja kwa muda mfupi. Akazeeka hapa, akazikwa hapa. Kasulu hakurudi.

KIJANA: Kwa hiyo babu unasema nisiende?

BABU: Baba angekataa kuondoka, mimi nisingekuwapo, wala mama yako, wala wewe. Sijasema usiende. Ninauliza, nani atausoma mkataba? Baba alikuwa na nguvu kuliko mnyapara wake. Nguvu haikumsomea karatasi.

MAMA: Na mkataba ukisomwa vizuri ndiyo kichwa hakitagongwa? Mie hoja yangu si karatasi. Wapo wachezaji wastaafu wa raga hiyo hiyo, hukohuko Uingereza, wamewapeleka wasimamizi wa mchezo mahakamani. Watu wa umri wangu wanasahau njia ya kurudi nyumbani, kwa kugongwa vichwa miaka na miaka. Mtikisiko wa ubongo hauonekani kwa macho, mgonjwa anasimama, anasema nimepona nirudisheni uwanjani. Siku hizi ligi ya Australia imeweka sheria kwamba aliyegundulika na mtikisiko kwa kawaida akae nje angalau siku 11. Mbona hawakuweka zamani? Kwa sababu waliotangulia ndio waliojaribiwa.

MAMA MDOGO: Dada, hilo la mahakamani ni kweli, linazungumzwa huku.

KIJANA: Mama, naomba nijibu bila kukukosea adabu. Wenzangu watatu niliomaliza nao darasa la saba wanaendesha bodaboda. Unajua mwenyewe jinsi mnavyowapokea pale hospitali, miguu, vichwa, usiku na mchana. Hakuna hata mmoja aliyeitiwa kikao kama hiki kabla hajapanda pikipiki. Na mwingine yuko shambani. Msimu machungwa yakiiva pamoja bei inaanguka hadi yanaozea chini ya mti. Nikibaki hapa sibaki salama. Nabaki tu.

Kijana ana haki. Tunaizungumza hatari ya ng'ambo kana kwamba nyumbani pana usalama wa kutosha kumgawia kila mtu. Lakini jibu lake halifuti swali la mama, na sitajifanya limelifuta. Mwenye bodaboda akivunjika mguu, ndugu wanamfikia siku ileile. Mtu aliyegongwa kichwa ugenini, mwenye kibali kinachotegemea klabu iliyomwajiri, anaugulia mikononi mwa watu ambao kazi yao imekwisha siku mkataba ulipokwisha.

KIJANA: Na mbona Nestory Irankunda, wa mpira wa miguu, ameweza? Kazaliwa Kigoma, mwaka 2006, wazazi wakimbizi kutoka Burundi. Kakulia Australia. Akiwa na miaka 15 anacheza ligi kuu na Adelaide United. Bayern Munich wakamchukua, baadaye akaenda Watford, na timu ya taifa ya Australia anaichezea. Babu, huyo ni wa kwenu kabisa!

BABU: Wa Kigoma! Huyo ni mjukuu wangu.

MWALIMU: Ni mjukuu wa wote, ila tuitazame njia yake kwa makini, kwa sababu hapo ndipo vijana wengi wanapotea. Irankunda hakuondoka Tanzania kwenda kucheza. Wazazi wake walihamishwa kutoka kambini, wakapewa makazi Australia, naye alikuwa mtoto mchanga. Alikua kama mtoto wa Adelaide, akasajiliwa kama mtoto wa Adelaide. FIFA ina kanuni, kifungu cha 19, inayokataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa nchi hadi nchi, isipokuwa kwa mambo machache, mojawapo ni wazazi kuhama kwa sababu isiyohusu mpira. Hata Bayern, pamoja na ukubwa wao, walikubaliana na Adelaide mwezi Novemba 2023 wakamsubiri. Alikwenda Julai 2024, ameshatimiza 18. Sasa mtu akija Muheza na kusema ana timu Ulaya inayomtaka mtoto wa miaka 16, Bayern walisubiri, yeye ni nani asisubiri?

MAMA: Sema tena hilo, Mwalimu. Limwingie.

Nina neno langu juu ya Irankunda. Watanzania tulifurahi sana jina lake lilipoanza kuvuma, tukasema ni wetu. Kambi aliyozaliwa ilikuwa kwenye ardhi yetu, hilo halina ubishi. Mwaka 2014 taifa hili lilifanya jambo kubwa, likawapa uraia wakimbizi wa Burundi zaidi ya 160,000 waliokuja mwaka 1972 na vizazi vyao. Waliokuja baadaye, waliowekwa kwenye kambi za Kigoma miaka ya 1990, hawakuwa ndani ya mpango huo. Mtoto wa kambi hakuwa na njia ya kuvaa jezi yetu. Australia ilimpa mlango, shule, uwanja na pasipoti, nayo ndiyo anayoichezea. Tukitaka kumdai Irankunda, tuanze na watoto walioko kambini Nyarugusu leo wakipiga mpira wa makaratasi.

Yupo na Shabani Nonda, ambaye wazee wa Yanga hawajamsahau. Alizaliwa Bujumbura, wazazi Wakongomani, akapita Dar es Salaam na kuichezea Yanga kabla ya kufika Afrika Kusini, Uswisi na Ufaransa, hata akacheza fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka 2004 akiwa na Monaco. Mhamiaji aliyepita kwetu akaendelea na safari. Alipopita kwetu tulimpa jezi na mechi za kucheza. Huo nao ni mchango.

MAMA: Basi mfano mzuri uko hapa hapa Tanga, hatuna haja ya kwenda Adelaide. Hassan Mwakinyo, bondia. Septemba 2018 kaenda Birmingham, kampiga Sam Eggington mbele ya watu wa kwao, raundi ya pili. Karudi Tanga. Analala kwao.

KIJANA: Na mwaka 2022 kaenda Liverpool, Liam Smith kamshinda raundi ya nne.

MAMA: Akarudi Tanga vilevile! Ndicho ninachosema. Aliyeshinda karudi, aliyeshindwa karudi. Na Alphonce Simbu, Septemba 2025 katwaa dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo, kamwacha Mjerumani kwa sekunde chini ya moja baada ya kilomita 42. Na huyo naye kwao ni hapa nchini. Kwa nini wewe usitafute mchezo wa kwenda na kurudi?

MWALIMU: Kwa sababu ngumi na mbio ni za mtu mmoja, mama. Bondia anasaini pambano, mkimbiaji anasaini mashindano, akimaliza anapanda ndege. Mchezo wa timu unakutaka uwepo Jumatatu mazoezini. Hauchezwi kwa kutembelea. Mchezaji wa timu lazima ahame.

MAMA MDOGO: Na kuhama kwenyewe nikueleze kijana wangu, ili usinilaumu baadaye. Mie siwezi kukuleta hapa kama mwanangu. Viza ya matembezi hairuhusu kazi, na kucheza kwa mshahara ni kazi. Kuna viza ya wanamichezo wa kimataifa, lakini lazima klabu ikudhamini na wasimamizi wa mchezo wenyewe wathibitishe kwamba wewe ni mchezaji wa kiwango cha juu. Hawawezi kuthibitisha mtu aliyeonekana kwenye video ya simu akikimbia kwenye uwanja wa shule. Na ukipata, jua hivi: chini ya Super League wapo wachezaji wengi ambao mchana ni mafundi umeme, ni madereva, jioni ndio mazoezi. Baridi ya Januari huku, na mvua, na wewe peke yako chumbani. Sikutishi. Nakueleza kodi ya nyumba.

KIJANA: Lakini wapo Waafrika wa kwetu waliofika.

MAMA MDOGO: Wapo. Eddie Rombo, Mkenya, alicheza Featherstone na Dewsbury, hapa jirani, miaka ya 1990. Baadaye Lucas Onyango, Mkenya pia, akacheza Widnes na Oldham. Lakini wote wawili walitoka kwenye raga ya Kenya wakiwa wachezaji tayari. Hakuna aliyefika bila kujua kukaba.

Hapa ndipo mjadala ulipobadilika, kwa maoni yangu. Ndoto ya kijana ina jina la nchi ya mbali, lakini hatua yake ya kwanza haiko mbali. Iko Mombasa. Kutoka Muheza unafika Tanga, unavuka mpaka wa Horohoro, na jioni uko kwenye mji ambao raga imechezwa vizazi na vizazi, katika nchi ambayo timu yake ya watu saba iliifunga Fiji 30 kwa 7 na kutwaa kombe la Singapore mwezi Aprili 2016. Arusha na Dar es Salaam nako kuna klabu. Ni raga ya chama kingine, si ile ya watu 13, lakini kudaka, kukaba na kuanguka bila kuumia hufunzwa humo, na ndimo walimopita Rombo na Onyango.

MWALIMU: Tazama Mbwana Samatta. Watu wanakumbuka Aston Villa, Januari 2020, Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga Ligi Kuu ya Uingereza. Wanasahau Lubumbashi. African Lyon, Simba, halafu TP Mazembe tangu 2011 hadi mwanzo wa 2016. Miaka mitano Kongo! Akatwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2015, akawa mchezaji bora wa wanaocheza ndani ya Afrika, ndipo Genk wakamjia. Pale Ubelgiji msimu wa 2018 na 2019 akafunga mabao 23 ya ligi na timu ikawa bingwa. Alipopelekwa Uingereza hapakuwa na mtu wa kuuliza kama anajua mpira. Karatasi zake zilikuwa zimejaa.

BABU: Kipande chake kimejaa.

MWALIMU: Naam, mzee. Na sasa niseme jambo ambalo limenikaa rohoni, na si la kijana peke yake. Kwenye mpira wa miguu, mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho inagawiwa kwa klabu zote zilizomlea tangu mwaka aliotimiza miaka 12 hadi mwaka wa 23. Mwaka wa 12 hadi wa 15, kila mwaka ni robo ya asilimia moja. Kuanzia 16, kila mwaka nusu asilimia. Chukueni hesabu ndogo. Mtoto wa Muheza auzwe paundi milioni 1. Klabu iliyomlea miaka minne ya mwanzo inadai paundi 10,000. Akiuzwa tena, inadai tena. Hiyo ni mipira, ni viatu, ni nauli ya timu ya watoto kwenda uwanja wa Mkwakwani msimu mzima na zaidi. Tangu Novemba 2022 FIFA ina chombo maalumu Paris cha kuzikusanya na kuzigawa fedha hizo.

KIJANA: Klabu gani ya hapa imewahi kuzipata?

MWALIMU: Swali lako ndilo donda langu. Fedha inafuata usajili. Mtoto asiye kwenye mfumo wa usajili wa TFF, shirikisho la mpira la nchi, hata kama umemlea kwa jasho lako, umemnunulia viatu, umempa chai kila Jumamosi, kwa hesabu za Paris hukumlea. Tunafundisha watoto mia, hatuandiki hata mmoja. Anakuja mtu wa mjini, anamwandika akiwa na miaka 17, miaka yote ya nyuma inakuwa tupu. Halafu tunakaa barazani tunasema tumeibiwa.

MAMA: Si mna mbunge wenu? MwanaFA alifanywa naibu waziri wa michezo mwaka 2023.

MWALIMU: MwanaFA, yaani Hamis Mwinjuma, ni wetu na namheshimu. Lakini daftari la watoto wa miaka 12 wa Muheza halitaandikwa na naibu waziri yeyote. Linaandikwa na katibu wa klabu, mwenye kalamu na cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

KIJANA: Mwalimu, hayo yote ni ya mpira wa miguu. Mie nataka raga.

MWALIMU: Najua. Na nyumbani kwenu una mdogo wako wa miaka 12 anayecheza winga. Wewe unaondoka, yeye namwandika kesho.

Hapo sauti zilipishana kwa muda, kila mtu akisema lake. Mama alirudia kwamba hata kijana akifika hakuna mkataba unaorudisha akili. Mama mdogo akamwambia kijana kwamba wapo watu wanaoandika barua za majaribio zenye nembo ya klabu ya kweli, wakiomba mtu atume kwanza fedha za viza. Klabu inayomtaka mchezaji haimwombi nauli. Mwalimu akaongeza kwamba upande wa mpira wa miguu, tangu Oktoba 2023 wakala lazima awe na leseni ya FIFA, na jina lake linaweza kutafutwa na yeyote mwenye simu. Asiyeonekana humo si wakala, hata akija na gari la namna gani. Babu akauliza kama raga nayo ina orodha ya aina hiyo. Mama mdogo akaahidi kwenda kuuliza klabuni yeye mwenyewe, kwa miguu yake, siku yake ya mapumziko.

BABU: Sawa. Mimi neno langu ni hili. Amalize mtihani wa Novemba. Aende Mombasa akajaribu, ajulikane kama anaweza kukaba au anaweza kukimbia tu. Karatasi yoyote ikija, isomwe hapa, kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, mbele ya mtu asiyepata asilimia yoyote kwenye safari hiyo. Na mama yake aulize maswali ya hospitali: akiumia nani analipa, na analipa mpaka lini. Jibu likiwa halimo kwenye karatasi, karatasi irudi ilikotoka.

MAMA: Mimi bado sijakubali, baba. Nitauliza hayo maswali. Lakini sijakubali.

KIJANA: Naenda Mombasa, mama. Kwanza Mombasa.

Mimi niliyeupanga mjadala huu niko upande wa Babu, na sikatai kwamba mama anaona kitu ambacho sisi wengine tunakipita haraka. Kijana aende. Aende akiwa ametimiza miaka 18, akiwa na cheti cha kidato cha nne, akiwa ameshaanguka na kuinuka kwenye viwanja vya jirani kabla ya kupeleka mwili wake kwa watu wanaoununua. Kumzuia kwa kumwambia ng'ambo kubaya ni uongo, na vijana wanaujua kuwa ni uongo. Ndiyo maana wengine huondoka bila kuaga, na asiyeaga hana wa kumsomea mkataba. Wazee wa Muheza walioletwa kwa dole gumba hawakukosa akili wala bidii. Walikosa mtu wa upande wao kwenye meza ya kusaini. Sisi tunajua kusoma, tuna simu, tuna ndugu Huddersfield, Brisbane, Muscat na Toronto. Hatuna kisingizio.

Na kwa viongozi wa klabu za mtaani, kuanzia Muheza mjini hadi Mkanyageni, Ngomeni, Kicheba na Amani: Coastal Union ya Tanga ilikuwa bingwa wa nchi mwaka 1988, Abdi Banda alitoka Coastal akafika Simba, na mwaka 2017 akaenda Baroka ya Afrika Kusini, Bakari Mwamnyeto akatoka Coastal kwenda Yanga mwaka 2020. Vipaji vya mkoa huu vinaondoka na vitaendelea kuondoka. Kabla ligi ya vijana haijaanza, nendeni ofisi ya chama cha mpira cha wilaya na majina, picha na vyeti vya kuzaliwa, mkaandikishe watoto wenu wote waliotimiza miaka 12.